Riwaya za upelelezi: Kitabu ukikiona kinunue, huenda usikione tena

MPENZI wa riwaya za upelelezi hatosheki. Akimaliza kitabu kimoja cha mwandishi mgeni kwake, hutaka kujua mwandishi huyo ametunga vingine vingapi. Akivipata, hukutana na jina la mwandishi mwingine kwenye jalada la nyuma au katika dibaji, naye huanza kumsaka huyo pia. Mwaka hauishi kabla ya rundo la vitabu vinavyosubiri kusomwa kupita kimo cha meza.

Kwa wasomaji wa Kiingereza, rundo hilo hukua kwa sababu wachapishaji hutoa vitabu vingi kuliko muda wa kuvisoma. Kwa msomaji wa Kiswahili aliye Kakamega, sababu ni kinyume chake. Vitabu ni adimu, na ajuaye hali ya soko hununua siku ileile anapokiona kitabu, hata kama anavyo vingine kumi nyumbani ambavyo hajavifungua.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Riwaya nyingi za mkondo huu ni fupi, kurasa zisizozidi 200. Anayesoma kurasa 20 kila jioni atamaliza kitabu cha kurasa 140 kwa juma moja, na vitabu 52 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, mwaka mmoja ungemtosha kusoma takriban kazi zote mashuhuri zilizoandikwa kwa Kiswahili katika uwanja huu. Muda wa kusoma, basi, upo. Kigumu ni kuvipata vitabu vyenyewe.

Mkondo na matawi yake

Riwaya ya upelelezi ni hadithi ndefu ya kubuni inayoanza na tendo lililofichika, aghalabu mauaji au wizi, na kumfuata mtu anayejitahidi kulifichua. Mhimili wake ni taharuki, yaani ile hali ya msomaji kutaka kujua litakalofuata. Wanaoanza kusoma hunufaika wakijua matawi yake matatu.

Tawi la kwanza ni la fumbo, ambapo mpelelezi hutumia akili na macho kuliko bastola, na msomaji huwekewa vidokezi ili ashindane naye. Tawi la pili ni la askari, ambapo kachero wa polisi huchunguza jinai mjini kwa taratibu za kazi yake. Tawi la tatu ni la ujasusi, ambapo shujaa hutumwa kuilinda nchi, huvuka mipaka na hupambana na maadui wa taifa zima.

Duniani, tawi la fumbo hutajwa kuanza na Edgar Allan Poe wa Marekani mnamo 1841, na kupata umaarufu Arthur Conan Doyle wa Uingereza alipomleta Sherlock Holmes mwaka 1887. Hata hivyo, mtoto yeyote wa Afrika Mashariki aliyekaa mekoni jioni akisikiliza vitendawili anaifahamu ladha yake. Mmoja hutega, wengine hutegua, na anayeshindwa hutoa mji ili apewe jibu.

Bwana Msa wa Unguja

Jina la kwanza katika orodha ya kila msomaji ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafanya kazi ya ukaguzi wa afya, kisha akaingia katika uandishi wa habari na kuhariri gazeti la Zanzibari. Baadaye alihamia Dar es Salaam alikoshiriki kuhariri jarida la Mkulima. Alifariki mwaka 1991.

Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la utunzi la mwaka 1957-58 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, na ikachapishwa mwaka 1960. Maiti inapatikana penye mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba wahenga wamekasirika. Bwana Msa, mvuta kiko mwenye jicho kali, hakubali. Akifuatana na rafiki yake Najum, anatafuta mkono wa binadamu pale wengine wanapoona kazi ya pepo.

Hapa msomaji wa magharibi mwa Kenya anahitaji tahadhari moja. Kwa wengi, mzimu ni kivuli cha mfu kinachotokea usiku. Katika Kiswahili cha Unguja anachokitumia Abdulla, mzimu ni mahali pa matambiko, aghalabu penye pango au mti mkubwa, ambapo watu hupeleka sadaka zao. Asiyelijua hilo hukosa nusu ya maana ya jina la kitabu.

Baada ya kitabu hicho zilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Wahakiki wameona athari ya Sherlock Holmes katika kiko na katika uhusiano wa mpelelezi na msaidizi wake. Lakini lugha, mizaha, nasaba na siri za urithi zinazofukuliwa humo ni za visiwani.

Kutoka kisiwani hadi jijini

Faraji Katalambulla aliihamishia hadithi ya upelelezi katika mji wa bara. Simu ya Kifo, iliyotoka mwaka 1965, inamleta Inspekta Wingo, askari mwenye cheo, ofisi na wakubwa wa kuwajibika kwao. Sentensi za Katalambulla ni fupi, na mambo hukimbia. Kwa msomaji ambaye lugha yake ya kwanza ni mojawapo ya lahaja za Kiluhya, na ambaye Kiswahili amekipata shuleni na sokoni, kitabu hiki ni mlango mwepesi kuliko vya Abdulla. Mwandishi huyu alitunga pia Buriani (1975).

Miaka ya 1970 ilileta kizazi kingine. Eddie Ganzel aliandika Ndoto ya Mwendawazimu (1972) na baadaye Kijasho Chembamba (1980). Hammie Rajab naye alijipatia wafuasi kwa riwaya za mapenzi na jinai za mjini.

Aristablus Elvis Musiba ndiye aliyeimarisha tawi la ujasusi. Shujaa wake, Willy Gamba, alijitokeza katika Kufa na Kupona (1974), akitumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za siri zinazohusu harakati za ukombozi. Katika Kikosi cha Kisasi anapelekwa Kinshasa. Hadithi hizi hazikuzuka hewani. Tangu 1963, Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wapigania uhuru wa kusini walikuwa wakiishi humo. Msomaji wa wakati huo alipomwona Gamba akiwinda mawakala wa makaburu, alijua kwamba mawakala wa namna hiyo walikuwepo kweli.

Ben Mtobwa, aliyezaliwa mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008, alimuumba Joram Kiango, kachero asiyeajiriwa na serikali lakini anayeitwa mambo yanapoishinda serikali. Lazima Ufe Joram, Salamu Toka Kuzimu, Najisikia Kuua Tena na Tutarudi na Roho Zetu? ni miongoni mwa kazi zake. Nje ya mfululizo huo kuna Dar es Salaam Usiku, riwaya ya maisha ya jiji ambayo imefasiriwa kwa Kiingereza.

Kwa nini havionekani madukani

Msomaji atauliza ni vipi vitabu vilivyopendwa hivyo viwe adimu. Sababu kuu ni tatu.

Ya kwanza ni ya kihistoria. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilihudumia nchi zote tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo lilivunjika nayo, na nchini Kenya nafasi yake ikachukuliwa na Kenya Literature Bureau, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980. East African Publishing House ya Nairobi, iliyotoa baadhi ya vitabu vya Bwana Msa, nayo ilifungwa baadaye. Isitoshe, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa tangu 1977 hadi 1983, miaka ileile ambayo riwaya za Dar es Salaam zilikuwa zikishamiri. Kizazi kizima cha Wakenya kilikua bila kuviona vitabu hivyo madukani.

Ya pili ni ya shule. Nchini Kenya, riwaya ya Kiswahili huuzwa kwa wingi inapoteuliwa kutahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne. Utengano, Kidagaa Kimemwozea, Chozi la Heri na Nguu za Jadi zilipata bahati hiyo, na hakuna hata moja kati yake ambayo ni ya upelelezi. Mwenye duka katika mji kama Kakamega hutegemea mauzo ya Januari shule zinapofunguliwa. Hawezi kufungia fedha zake katika kitabu ambacho huenda kikakaa rafuni miaka mitatu kikimngoja mnunuzi mmoja. Nayo sheria ya kodi ya VAT ya mwaka 2013, iliyovitoza vitabu asilimia 16, ilimfanya awe mwangalifu zaidi.

Ya tatu ni dharau. Kwa muda mrefu wahakiki waliziweka riwaya hizi katika kapu la fasihi pendwa, neno ambalo vinywani mwa baadhi yao lilimaanisha kazi nyepesi ya kupitishia wakati. Katika Tanzania ya Ujamaa, zilishutumiwa kuwa zinawapumbaza vijana kwa pombe, wanawake na bastola. Shutuma hizo zina ukweli kiasi, hasa kuhusu jinsi wanawake wanavyochorwa katika vitabu vingi vya miaka hiyo. Lakini hoja hiyo ilisahau kwamba Abdulla alikuwa akipinga ushirikina kwa mantiki, na kwamba Musiba na Mtobwa waliwafundisha maelfu siasa za kusini mwa Afrika bila kuwaketisha darasani.

Matokeo ya mambo haya matatu ni mazito kuliko usumbufu wa mnunuzi mmoja. Kitabu kisichochapishwa tena, kisichotahiniwa na kisichotunzwa na vyuo hubaki mikononi mwa wasomaji peke yao. Nakala ya mwisho ikiliwa na mchwa, kazi yenyewe imetoweka.

Pa kutafuta

Kiswahili si mgeni katika eneo hili. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Mumias katika karne ya 19, kabla ya utawala wa Mwingereza, na Nabongo Mumia, aliyetawala tangu 1882, aliwapokea. Kwa hivyo wasomaji hawakosekani, na vitabu vikitafutwa kwa subira hupatikana.

Mahali pa kwanza ni maktaba ya umma. Katiba ya mwaka 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Maana yake ni kwamba msomaji anayetaka riwaya za Kiswahili ziongezwe anaweza kuipelekea kaunti yake ombi hilo, hasa wakati wa vikao vya umma vya bajeti. Ombi lenye majina ya vitabu na wachapishaji hupewa uzito kuliko malalamiko ya jumla.

Mahali pa pili ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Asiye mwanafunzi huhitaji kuuliza utaratibu wa wageni kabla ya kwenda.

Mahali pa tatu ni kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba. Kwao hakuna orodha, na kilichopo leo hakipo kesho. Afaaye kuulizwa ni muuzaji mwenyewe. Akiachiwa jina la mwandishi na namba ya simu, atakumbuka siku mzigo utakapofika. Kisumu, iliyo takriban kilomita 50 kusini, huongeza nafasi hiyo.

Mahali pa nne ni kwa wachapishaji wenyewe na katika maonyesho ya vitabu ya Nairobi, ambayo kwa kawaida hufanyika mwezi Septemba. Mwenye jamaa anayesafiri Arusha au Dar es Salaam ampe orodha fupi, vitabu viwili au vitatu, pamoja na fedha zake. Orodha ndefu husahaulika mfukoni.

Kuhusu nakala zinazopigwa picha na kusambazwa kwa simu, sheria iko wazi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda kazi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Kazi za Abdulla zina wenyewe hadi mwisho wa 2041, na za Mtobwa hadi mwisho wa 2058. Kuazimana kitabu ni halali. Kukinakili chote na kukigawa ni kuwanyima haki warithi.

Namna ya kuwajua waandishi wapya

Njia ya kuaminika zaidi ya kugundua majina ni vitabu vya historia ya fasihi. Elena Bertoncini Zúbková alichapisha muhtasari wa fasihi ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1989, na mwaka 2009 ukatolewa upya, uliopanuliwa kwa ushirikiano na wataalamu wengine akiwemo Mkenya K. W. Wamitila. Orodha zake za waandishi na vitabu zinaweza kumpa msomaji mwongozo wa miaka mingi.

Njia ya pili ni tuzo. Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014, imeibua watunzi ambao wengi hawakuwafahamu. Miongoni mwa washindi wake wa kwanza, mwaka 2015, alikuwamo Enock Maregesi, aliyeandika Kolonia Santita, riwaya ya kijasusi kuhusu magenge ya dawa za kulevya. Mwingine anayestahili kutafutwa ni Hussein Tuwa wa Tanzania, mtunzi wa Mkimbizi, Mfadhili na Mdunguaji, ambaye ameuendeleza mkondo huu katika karne hii.

Wakenya wameandika hadithi za jinai pia, ila zilizovuma zaidi ni za Kiingereza, mathalani My Life in Crime ya John Kiriamiti ya mwaka 1984. Mũkoma wa Ngũgĩ, mmoja wa waanzilishi wa tuzo iliyotajwa, aliandika riwaya yake ya upelelezi, Nairobi Heat, kwa lugha hiyohiyo. Pengo la Kiswahili nchini Kenya lingali wazi.

Kulipanga rundo

Rundo lisilo na mpango hugeuka mzigo. Kanuni nne huweza kusaidia.

Kwanza, soma kitabu kimoja cha kila mwandishi kabla ya kurudi kwa yeyote. Simu ya Kifo, Mzimu wa Watu wa Kale, Kufa na Kupona na kimoja cha Joram Kiango vitamwonyesha msomaji ni tawi lipi linalomfaa. Akishajua, fedha zake hazitapotea.

Pili, vitabu vya Bwana Msa visomwe kwa mfuatano wa miaka vilipotoka, na kamusi iwe karibu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu hutosha kwa sehemu kubwa. Misemo ya Unguja isiyomo humo mara nyingi hujifafanua katika mazungumzo ya wahusika.

Tatu, kitabu kilicho dhaifu kitangulie. Nakala nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilichapishwa kwa karatasi hafifu na gundi iliyokwisha kukauka. Kakamega, ambako mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, unyevu hauna huruma. Vitabu visiegemezwe ukutani wala visifungiwe katika mifuko ya plastiki. Viwekwe juu ya rafu iliyoinuliwa kutoka sakafuni, penye hewa, na vikaguliwe mchwa kila mwezi.

Nne, kuwe na daftari la kuandika jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka na toleo, pamoja na jina la aliyekiazima. Daftari hilo humzuia mtu kununua kitabu kilekile mara mbili. Aidha, likitunzwa miaka kumi litakuwa kumbukumbu ya vitabu vilivyowahi kupatikana mjini, jambo ambalo huenda hakuna ofisi inayoliandika.

Hadithi zilizo chini ya ardhi

Bwana Msa alizaliwa kwa sababu mkaguzi wa afya wa Unguja alisoma hadithi za wengine, kisha akatazama mitaa yake mwenyewe. Kakamega haikosi mafumbo ya namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, dhahabu iligunduliwa hapa na wachimbaji Wazungu wakamiminika. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi za Waafrika ili machimbo yapate nafasi, muda mfupi baada ya kuwaahidi wenyeji kwamba ardhi hizo zingekuwa zao daima. Nani alijua nini, na lini? Nani alilipwa, na nani alihamishwa usiku?

Hilo ni fumbo linalomtosha Inspekta Wingo na Willy Gamba kwa pamoja, na linangoja mtunzi wa Kiswahili. Iwapo atatokea, yamkini atakuwa kijana wa shule aliyeazimwa kitabu kuukuu kutoka katika rundo la jirani.